Naenda Lyon kusoma: nibebe nini, nile nini, na mezani kwa watu nikae vipi?

BintiNyegezi

Shikamooni wakubwa; wa rika langu, mambo vipi. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Lyon, Ufaransa, masomo yanaanza Septemba. Chumba nimeshakipata: mita za mraba 18, friji ndogo, jiko la umeme la kioo lenye sehemu mbili za kupikia (mkataba unasema "plaques à induction"), oveni hakuna. Hela ya kula ni euro 200 kwa mwezi, haina nyongeza. Mimi ni Muislamu, kitimoto na pombe sigusi.

Ninachoomba: kipi nibebe kutoka Mwanza na kipi niache, nile vipi kwa hela hiyo bila kushindia mkate mkavu, nguruwe na divai nitavijuaje kwenye chakula, na nikialikwa kwa watu nikae vipi. Mnipe vipimo na majina ya vitu tafadhali. "Utazoea tu" nimeshaambiwa ya kutosha.

FundiMwiko

Marahaba mdogo wangu, hongera. Nianze na sufuria, maana ndizo zinazokula uzito wa begi bure. Jiko lako ni la induksheni. Lenyewe halitoi moto. Chini ya kioo kuna koili inayotengeneza uga wa sumaku, na kinachopata joto ni kitako cha sufuria yenyewe. Sufuria za alumini za Makoroboi ukiziweka pale jiko litapiga mlio na kujizima. Kipimo ni sumaku ndogo: ikinasa kitakoni, sufuria inafaa. Nunua hukohuko sufuria moja ya chuma ya sentimita 20 na kikaango cha 26, basi. Mwiko beba. Vya kule vyembamba, ugali mgumu unavivunja.

Kusonga ugali kwenye kioo kuna tabu yake. Sufuria inateleza, na ukiikandamiza unakwaruza kioo cha mwenye nyumba, halafu siku ya kuhama kinakatwa kwenye dhamana yako. Chemsha maji kwa namba 9, ukishamwaga unga shusha hadi 4 au 5 kwa sababu joto hupanda ghafla na kuunguza chini, kisha ipua, weka sufuria juu ya taulo lililokunjwa, songa hapo. Rudisha jikoni dakika mbili ugali uive. Sufuria ikiondoka jiko hujizima baada ya muda mfupi, hivyo utaliwasha upya. Halijaharibika.

Sasa unga. Usibebe kilo kumi za sembe. Lyon kuna mtaa wa La Guillotière, pale kuzunguka Place Gabriel-Péri, wenye maduka ya vyakula vya Kiafrika, Kiarabu na Kiasia. Unga mweupe wa mahindi upo, andika "farine de maïs blanche". Mitego ni miwili. "Maïzena" ni wanga wa mahindi wa kuzitishia mchuzi, hausongeki. "Polenta" ya supermaketi ni ya njano, chenga zake kubwa, na mara nyingi imepikwa awali: inaiva kwa dakika chache lakini haishikani, unapata uji mzito wenye mchanga. Mwezi ukiwa mbaya, nunua "semoule de blé" (semolina ya ngano) laini. Wakongo na watu wa Afrika Magharibi wengi huisonga hiyo na inashika vizuri.

Unga wa ngano wa kule una namba, na namba inaonyesha pumba zilizobaki: T45 mweupe kabisa wa keki, T55 wa kawaida, T65 wa mkate, T150 wenye pumba zote. Chapati ni T55: unga gramu 500, maji ya uvuguvugu mililita 280 hadi 300, chumvi gramu 8, mafuta vijiko viwili, ipumzike nusu saa. Kaa mbali na pakiti iliyoandikwa "farine à gâteaux" au "levure incorporée", tayari ina beking pauda ndani, chapati inavimba na kukatika kama skonzi. Kwenye maandazi hapo ndipo wageni wengi wanaangukia: "levure chimique" ni beking pauda, hamira ni "levure boulangère". Zote zinakaa rafu moja, pakiti zinafanana.

Cha kubeba: iliki (kule chupa ndogo, bei kubwa), bizari ya pilau, karafuu, majani ya chai nusu kilo. Vya kuacha ni nyama ya aina yoyote hata kavu, samli, maziwa, jibini. Forodha ya Umoja wa Ulaya hairuhusu msafiri kuingiza nyama wala maziwa kutoka nje. Asali unaruhusiwa hadi kilo 2. Samaki waliokaushwa wanaruhusiwa kwa matumizi yako, kikomo kilo 20, kwa hiyo dagaa wa Mwaloni wanapita. Wafunge mifuko miwili isiyopitisha hewa, la sivyo nguo zako zitanuka hadi Krismasi. Matunda na mboga mbichi vinahitaji cheti cha afya ya mimea. Vilivyosamehewa ni nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani tu. Embe halimo.

Mkolani_Stendi

FundiMwiko kamaliza jikoni. Mimi naongeza saa, kwa sababu mgeni analala njaa Ufaransa akiwa na hela mfukoni, na chanzo huwa ni saa.

Mchana wanakula kati ya saa sita na saa nane. Mgahawa wa kawaida jiko linafungwa saa nane, linafunguliwa tena saa moja jioni, na chakula cha usiku chenyewe kinaanza saa moja na nusu. Ukiingia saa kumi ukaomba wali kuku utapewa kahawa. Wao wanaandika kwa saa 24: "12h–14h" ni saa sita hadi saa nane, "19h30" ni saa moja na nusu usiku. Mlango wa duka ukiandikwa "fermé le lundi", Jumatatu hawafungui. Maduka mengi ya mikate yana siku moja ya kufunga kwa wiki, na Agosti baadhi hufunga wiki kadhaa mfululizo.

Mchana kula kwenye mgahawa wa wanafunzi wa CROUS, taasisi ya serikali yao inayohudumia wanafunzi. Bei ya mlo kwa mwanafunzi ilikuwa euro 3.30 kwa miaka kadhaa, na euro 1 kwa mwenye ufadhili wa serikali yao au aliyethibitishwa kuwa na shida ya fedha. Ukifika hakikisha bei ya mwaka wako. Kwa kawaida unapata sahani kuu na vitu viwili vya pembeni (saladi, tunda, mtindi), na kila siku kuna sahani isiyo na nyama. Unalipa kwa akaunti ya Izly, ifungue mapema na uweke salio. Piga hesabu hata kwa bei hiyo ya zamani: siku 22 kwa 3.30 ni euro 72.60, zinabaki kama 127, karibu euro 29 kwa wiki za usiku na wikiendi. Zinatosha kwa anayepika. Anayenunua sandwichi kila jioni hafiki tarehe ishirini.

Mgahawani, "une carafe d'eau" ni maji ya bomba, ni bure, na mkate unaokuja na chakula pia ni bure. Ukisema "de l'eau" tu unaweza kuletewa ya chupa na ukailipia. Huduma imeshahesabiwa kwenye bei. Bakshishi si lazima. Nyama ya ng'ombe iagize "bien cuite". "À point" kwa Mfaransa katikati bado nyekundu, "saignant" inatoa damu, "bleu" imepitishwa tu juu ya moto. "Tartare" ni mbichi kabisa.

Supermaketi: kwenye pakiti kuna tarehe za aina mbili na hazina uzito sawa. "À consommer jusqu'au" ni ya usalama (nyama, samaki, saladi zilizokatwa), ikipita tupa. "À consommer de préférence avant" ni ya ubora tu. Tambi au biskuti zilizopita wiki mbili hazina neno. Vitu vinavyokaribia tarehe ya kwanza hubandikwa stika ya -30% au -50%, angalia asubuhi.

BintiNyegezi

Asanteni sana kaka zangu, hiyo ya hamira ningeingia mkenge. Swali la nyongeza: samaki. Sangara na sato nitawapata? Na nasikia Lyon kuna chakula chao maarufu cha samaki wa mtoni, ni nini hasa?

MapankiYaMwaloni

Sangara utamkuta dada, na huenda ametoka hapahapa ziwani. Kule anaitwa "perche du Nil". Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka lebo ya samaki iwe na jina la biashara, jina la kisayansi na alikovuliwa, kwa hiyo tafuta "Lates niloticus" na chini yake Tanzanie, Ouganda au Kenya. Anakuja minofu mitupu, mara nyingi wa barafu. Mapanki, yaani vichwa na mifupa, yamebaki huku kwetu. Sato anauzwa "tilapia", wengi ni wa kufugwa kutoka Asia, nyama yake laini na ina majimaji.

Kwa bajeti yako usimng'ang'anie sangara. Nunua "maquereau" na "sardine", ndio samaki wa bei nafuu kaunta, wana mafuta na wanavumilia rosti ya nyanya. "Lieu noir", samaki mweupe wa baharini, wa barafu ni wa kukaanga na kuunga nazi. Supu? Minofu haitoi supu. Mwombe muuza samaki "des têtes et des arêtes", vichwa na mifupa ya samaki weupe. Atakuuzia kwa bei ndogo au akupe. Mifupa nusu kilo, maji lita moja, kitunguu, "poireau" (liki) moja, engua povu, dakika 20 hadi 25, chuja. Usichemshe saa nzima kama supu ya ng'ombe, mifupa ya samaki ikizidi muda huo inatoa uchungu. Na usitumie ya maquereau, mafuta yake yanaharibu ladha.

Chakula unachosikia ni "quenelle de brochet". Brochet ni samaki wa maji baridi mwenye vimiiba vidogo vingi, kumla mzima ni kazi kama ya ningu. Watu wa Lyon wakatafuta njia: nyama inasagwa, inapitishwa kwenye chujio ili miiba ibaki, inachanganywa na mayai, siagi na donge la unga uliopikwa, inaviringishwa mirefu, inachemshwa polepole, kisha inaingia oveni na mchuzi mzito. Mchuzi wake maarufu, Nantua, ni wa kamba wa maji baridi na krimu. Ulizia kama wameweka divai nyeupe, mara nyingi imo. Za supermaketi zinakuwa kwenye friji. Soma lebo, zipo za kuku, za nyama ya ndama na "nature" isiyo na nyama wala samaki.

Kabla hujaondoka fanya mazoezi ya pishi moja la kwao kwa sato wa hapa, mtindo wa "meunière". Minofu miwili ya gramu 150, kausha kwa karatasi hadi isiteleze mkononi, chumvi. Ipake unga wa ngano wakati kikaango kimeshapata moto, kung'uta uliozidi. Mafuta kijiko kimoja na siagi gramu 15. Siagi ikiacha kutoa povu weka samaki, dakika 3 upande wa kwanza bila kumgusa, 2 hadi 3 wa pili. Mtoe, mwaga mafuta yale, weka siagi mpya gramu 30, isubiri iwe rangi ya karanga na inukie hivyo, kamua nusu limau, majani ya "persil" (hapa giligilani inasaidia), mwagia juu.

Inaharibika kwa mambo matatu. Samaki mwenye maji: unga unageuka gundi na kubaki kikaangoni. Unga uliopakwa mapema: hivyohivyo. Siagi iliyopitiliza: chembe za maziwa zilizomo huungua haraka, kutoka rangi ya karanga hadi nyeusi ni sekunde chache, na ikishakuwa nyeusi ni chungu, mwaga uanze upya. Majarini haiwi hivyo hata ufanyeje, haina zile chembe za maziwa za kutosha.

Pasiansi_Kwetu

Dada, upande wa nguruwe neno "porc" ni la mwisho kulihofia, hilo unaliona. Yanayopita kimyakimya ni "lardons" (vipande vidogo kwenye saladi ya Lyon, quiche lorraine, tambi za carbonara), "jambon", "saucisson", "rillettes", "saindoux" ambayo ni mafuta yake, "andouillette" ambayo kwa kawaida ni matumbo, na "gélatine porcine" kwenye peremende na baadhi ya vitindamlo vya kikombe. "Petit salé aux lentilles" ni dengu juu, nguruwe chini. Kwenye neno "charcuterie" chukulia ni kitimoto mpaka uambiwe vingine. "Cervelle de canut" ya Lyon jina lake linatisha, lakini ni jibini laini lenye vitunguu na majani. Tatizo ni kwamba divai nyeupe huwekwa humo.

Divai kwenye mchuzi: "bourguignon", "coq au vin", "marinière", "sauce au vin". Kuna watakaokwambia pombe yote huruka ikichemka. Sio kweli. Mchuzi ulioungwa divai ukichemka nusu saa bado unabaki na takriban theluthi ya kilevi chake, na ukizidi saa mbili bado kuna kidogo. Uliza: "Est-ce qu'il y a du vin ou du porc dedans?" Muulize mhudumu kabla hujaagiza. Kwa kitindamlo, "baba au rhum" imelowekwa rum.

Nyama yako nunua "boucherie halal", Guillotière zipo. Na hapohapo kwenye friji za maduka ya Waarabu tafuta "lben" au "lait fermenté", ndiyo mtindi wetu wa kunywa. Maziwa ya kawaida hayako kwenye friji bali rafuni, ya muda mrefu: kifuniko chekundu ni yenye mafuta yote, bluu nusu, kijani yaliyotolewa mafuta. Kwa chai chukua nyekundu.

Igoma_Mpya

Jibini achana nalo mdogo wangu, matumbo yetu hayalitaki.

Pasiansi_Kwetu

@Igoma_Mpya inategemea jibini gani kaka. Kinachosumbua tumbo ni laktosi, sukari ya maziwa, na jibini lililokomaa miezi mingi kama Comté karibu halina. Jibini bichi na krimu ndizo zenye nayo. Anayeogopa aanze na kipande cha Comté cha gramu 30 na mkate, alitoe kwenye friji saa moja kabla, baridi inaua ladha. La kuchunga ni "lait cru", maziwa mabichi: mjamzito na mtoto mdogo wasile ya aina laini kama Camembert. Na kama unajali kimeng'enya kilichogandisha maziwa, "présure" hutoka tumboni mwa ndama. Nyingi za asili zinacho.

Kapripointi_Bustani

Nijibu la kualikwa, limeachwa.

Kwanza jua umealikwa nini. "Apéro" ni vinywaji na vya kutafuna, saa moja jioni hivi, na huenda chakula kisifuate. Kula kitu nyumbani. "Dîner" ni chakula kamili. Fika dakika 10 hadi 15 baada ya saa uliyoambiwa. Ukiwahi, mwenyeji bado anapika na umemwaibisha. Usipige hodi bila miadi hata kwa jirani unayeelewana naye. Mkononi nenda na chokoleti au maua, ila si krisanthemamu, hayo ni ya makaburini mwanzoni mwa Novemba.

Mambo ya nguruwe na pombe mwambie mwenyeji siku anayokualika, si mezani. Sentensi mbili tu: "Je ne mange pas de porc" na "Je ne bois pas d'alcool". Usieleze zaidi, hawatarajii.

Mezani subiri mwenyeji aanze. Mikono yote miwili ionekane juu ya meza, si mapajani. Mkate unawekwa juu ya kitambaa cha meza kando ya sahani, unamegwa kwa mkono, na mchana haupakwi siagi. Vyakula vinakuja kimoja kimoja: cha kuanzia, kikuu, jibini, kitamu. Usijaze tumbo kwa cha kwanza ukidhani ndicho, kama ambavyo huku usingejaza kwa uji wa mwanzo wa futari. Sinia ya jibini hupita mara moja. Kata kwa kufuata umbo lake, na lile la pembetatu kama Brie usikate ncha, kwa sababu katikati ndiko kuzuri na unawaachia wenzako ganda.

Jambo ambalo linawaumiza watu wa kwetu: mtu anakula mbele yako ofisini au kwenye treni, hakukaribishi. Si uchoyo. Huko chakula cha mtu ni chake, na anayepita husema "bon appétit" akaendelea na safari. Nawe ukila huna deni la kumkaribisha kila anayepita. "Bonjour" ndiyo isikosekane: dukani, kwa dereva wa basi, kwa daktari, sema kwanza halafu ndipo shida yako. Ukianza na swali moja kwa moja unaonekana huna adabu, na huduma utakayopewa itaonyesha hivyo.

Kwenye masoko ya wazi, Croix-Rousse au Saint-Antoine kando ya mto Saône, asubuhi Jumanne hadi Jumapili, usichague nyanya kwa mkono wako kama Soko Kuu. Muuzaji ndiye anachagua, mwambie kiasi: "un kilo, s'il vous plaît". Bei haipunguzwi kwa maneno, lakini ukija wanapokaribia kufunga, saa saba kasoro, wanaishusha wenyewe.

Mkate: omba "une tradition". Kwa amri ya serikali yao ya 1993 huo unapaswa kukandwa bila kemikali za nyongeza na bila kugandishwa. Kwa sababu hauna mafuta unakauka siku hiyohiyo. Mtu mmoja anaomba "une demi". Uweke kwenye kitambaa, kwenye nailoni ganda linalegea.

FundiMwiko

Nimesahau mawili matatu. Kila nyumba Ufaransa lazima iwe na kengele ya moshi tangu 2015. Ukikaanga dagaa kwenye mita 18 kwa moto mkali itapiga kelele na jengo zima litatoka. Fungua dirisha kabla hujaweka mafuta, kaanga kidogo kidogo kwa namba 6, na kile kitundu cha hewa cha ukutani usikizibe kwa sababu ya baridi. Ukikiziba ukungu unaota ukutani na harufu haitoki.

Ukifika Jumapili, supermaketi nyingi hufungwa saa saba mchana, kwa hiyo nenda dukani kabla ya kufungua begi. Toroli linadai sarafu ya euro 1, unarudishiwa. Mfuko unauzwa, nenda na wako. Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii kule, nunua adapta mbili hapa mjini; volti ni zilezile 230, transfoma haihitajiki.